Ubao Ukauke Kwanza

Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana na mkewe na karani wa benki tu. Wengine wote walimwita Rula, na ajabu ni kwamba katika maisha yake yote ya kuandika mabango hakuwahi kushika rula. Alikuwa anasimama mbele ya ubao, anavuta pumzi, anaburuta brashi kutoka kushoto mpaka kulia, na mstari unatoka umenyooka kiasi kwamba mafundi wenzake walikuja na uzi kuupima, wapate la kumcheka. Hawakulipata. Basi wakampa jina, kama watu wanavyofanya wakishindwa na jambo.

Mji mzima ulikuwa umepita mkononi mwake. Duka la dawa, kinyozi, mashine ya kusaga, ofisi ya wakili, zahanati. Hata lile onyo la ukuta wa soko, "Usikojoe Hapa", ni la kwake, na alikuwa akisema ndiyo kazi yake iliyosomwa na watu wengi zaidi na kutiiwa na wachache zaidi.

Kazi ya mabango ina sheria zake, na Rula alizishika kama wengine wanavyoshika dini. Ubao unapigwa msasa, unapakwa rangi ya msingi, unaachwa ukauke. Unapakwa rangi ya nyuma, unaachwa ukauke. Herufi, ambazo ndizo mwenye duka anazozitaka, zinakuja mwisho kabisa, juu ya kitu kikavu, kwa sababu herufi ikiwekwa juu ya rangi mbichi inachuruzika na kuharibika. Kwa hiyo kitu cha maana hukaa mwisho. "Ubao ukauke kwanza," alikuwa akimwambia kila mwenye haraka, na mwisho neno hilo likatoka kwenye mbao likaingia kwenye maisha. Mtu akitaka kukopa pikipiki, ubao ukauke kwanza. Bintiye wa pekee alipoleta mchumba nyumbani, kijana mpole tu, mwenye kazi yake, Rula alimtazama, akamkaribisha chai, kisha akasema ubao ukauke kwanza. Ukakauka mpaka kijana akachoka kusubiri, akaoa kwingine. Rula alijiona amethibitishwa. Binti, tangu siku hiyo, akisikia msemo ule alikuwa anatoka chumbani.

Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango, zenye picha za watu wenye meno meupe kuliko ya mtu yeyote, na Rula akabaki na kazi za makumbusho: namba za milango, mbao za makaburi, na vibao vya mageti. Geti mojawapo ndilo lililomkutanisha na Mwalimu.

Huyu alikuwa mwalimu wa sanaa aliyestaafu, mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, aliyeishi peke yake juu ya bwawa la maji la mji. Alimwita Rula aandike "Mbwa Mkali", na hakuwa na mbwa wala paka. Rula alipomaliza akazunguka nyuma ya nyumba kuaga, akamkuta amesimama mbele ya turubai lililowambwa kwenye fremu, anachora bwawa wakati wa magharibi. Na anachora ovyo. Hivyo ndivyo Rula alivyoona. Mstari hakuna hata mmoja. Vipande vya rangi vimepigwapigwa, chungwa hapa, buluu pale, waridi katikati, kama mtu anayesafisha brashi ukutani akiwa na hasira.

"Mwalimu, hii umeianza lini?" aliuliza kwa heshima, akimaanisha utaimaliza lini.

"Sasa hivi. Na jua likizama nitakuwa nimemaliza. Hebu rudi nyuma. Rudi tena, mpaka ukutani. Haya, finya macho."

Rula akarudi, akafinya macho, akaona maji. Si mchoro wa maji, ni maji, yanatikisika, na jua limevunjika vipande juu yake. Alisogea karibu, yakawa madoa. Akarudi ukutani, yakawa maji. Alikwenda na kurudi mpaka Mwalimu akacheka, akamwambia sasa umeshakuwa mgonjwa kama mimi.

Tangu hapo akawa anapita jioni jioni. Mwalimu alimfundisha kwa kumgombeza, ndiyo njia pekee aliyoijua. Nyeusi aliitoa kwenye kibao cha kuchanganyia rangi akaitupa. Kivuli cha jioni, alisema, hakina weusi, kina zambarau, na ukibisha nenda kakitazame. Usizikoroge rangi mpaka zife. Ziweke jirani, chungwa na buluu, zigombane zenyewe, jicho la mtazamaji litazipatanisha. Usichore nyumba, chora mwanga ulioikalia nyumba. Na jambo moja alilirudia kuliko yote: kila kitu kwa pamoja.

"Mbingu, maji, mti, mtu, vyote vikiwa vibichi. Mwanga haumfikii mtu baadaye. Unampiga yeye na ukuta wake kwa wakati mmoja. Huwezi kuchemsha maji leo, chumvi ukaja kutia keshokutwa, halafu ukasema umepika."

Rula alikubali yote isipokuwa hilo. Alitikisa kichwa kwa adabu, na moyoni akasema, huyu mama hajawahi kuandika bango.

Mkewe alikuwa fundi wa sare za shule. Nusu ya watoto wa mji walijifunza kusoma wakiwa ndani ya nguo alizoshona, na kwa mzaha alipenda kusema kwamba mumewe anaandika nje ya majengo na yeye anavisha waliomo ndani, kwa hiyo mji bila wao ungekuwa uchi na hauna jina. Alimwita mumewe Rula kama watu wote. Akiwa na neno zito ndipo alipomwita Baba.

Figo zilimgomea polepole. Kwanza miguu ikavimba, akalaumu viatu. Kisha uso, akalaumu usingizi. Mpaka walipofika hospitali kubwa, hakuna kilichobaki cha kulaumu. Baada ya miezi ya kwenda na kurudi daktari aliwaita pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama arudishwe nyumbani akapumzike. Watu wazima wanajua tafsiri ya neno hilo. Binti, ambaye alikuwa msusi katika mji mwingine, alifunga saluni yake, akaja na begi moja kumuuguza mama yake.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa bonde. Ukikaa veranda ya nyuma unaona tanuri la matofali na dohani lake, moshi unaopanda bila haraka, ng'ambo yake bwawa, na ng'ambo ya bwawa kilima ambacho jua hujificha nyuma yake. Kila jioni walimtoa mgonjwa, wakamkalisha kwenye kiti chenye mito, shuka magotini, akatazama. Hakuwa mtu wa kutazama jua zamani. Kazi haikumpa nafasi. Saa ile ndiyo wazazi walikuwa wakija kulalamika kwamba suruali imebana.

Jioni moja, Rula akiwa amekaa kwenye kizingiti anaosha brashi kwa tapentaini, mkewe alimwita.

"Baba. Hivi katika mji huu kuna mtu hujawahi kumwandika?"

"Wapo. Mwenye bucha kanikimbia, kaenda kwa wachapishaji."

"Achana na bucha. Mimi je?"

Rula akacheka. "Nikuandike kama duka? Utafungua saa ngapi?"

"Nichore," alisema, na hakucheka. "Kama yale maji unayochora kwa Mwalimu. Nichore hapa, saa hii."

"Picha si zipo kwenye simu ya mtoto?"

"Zile zinapiga ugonjwa, hazinipigi mimi. Nimejiona. Macho yamevimba, ngozi kama majivu ya jikoni. Lakini tazama." Alinyoosha mikono yake miwili mbele ya jua, akaigeuza. "Saa hii napata rangi. Ukiniangalia saa hii huwezi kusema naumwa. Hiyo ndiyo nataka mtoto abaki nayo. Asije akanikumbuka na hii sura ya kitandani. Utanichora?"

"Nitakuchora."

"Sema kama mtu anayesema kweli."

"Nitakuchora, mama. Wallahi."

Aliahidi kwa moyo mmoja, na msimuliaji asimwonee: hakuna siku aliyoifanya kazi hii kwa ulegevu. Mwalimu alipoambiwa mchoro ni wa nani alimpa turubai lake zuri kuliko yote na tyubu za rangi zilizokuwa zimefungwa kwenye kitambaa. Akamwambia tena, vyote kwa pamoja, na akamwangalia machoni alipokuwa akisema. Rula akasema ndiyo Mwalimu.

Kesho yake aliweka turubai verandani. Kwa kipande cha mkaa akachora kwa wepesi mahali ambapo mkewe atakaa, upande wa kushoto, bega, kichwa, mgongo wa kiti. Halafu akapaacha vile vile, peupe, akaanza mbingu. Mkono wake haukumuuliza. Mkono uliolelewa na mbao unajua kitu kimoja: nyuma kwanza, ikauke, na kile cha thamani kije juu yake mwisho, kwa utulivu, bila kukosea. Kwa kuwa hakuna alichokithamini kama mwanamke yule aliyekaa hatua chache kutoka kwake, alimweka mwisho kabisa.

Na mbingu zile, jamani, zilikuwa na mambo. Jua likigusa mdomo wa dohani moshi ulikuwa wa kijivu cha njiwa, ukipanda kidogo unakuwa wa shaba, juu zaidi unakuwa waridi, na upande wake wa kivulini ulikuwa zambarau kabisa, kama Mwalimu alivyosema. Bwawa lilichukua kila rangi likairudisha imelala. Rula alipiga mapigo mafupi, chungwa, kando yake buluu, kando yake manjano mabichi, akirudi nyuma mpaka mgongo uguse mlango, akifinya macho, akirudi mbele. Alijisahau. Kwa mara ya kwanza tangu mashine zilipokuja alihisi mikono yake ina kazi. Furaha hiyo nayo ni ya kweli, na baadaye ndiyo iliyomuuma kuliko vyote, kwamba jioni zile alikuwa na furaha.

Tatizo la kwanza lilikuwa jua lenyewe. Kila jioni lilikuja na jambo jipya. Jana moshi ulielemea kulia, leo umesimama. Jana kilima kilikuwa buluu, leo chekundu ukingoni. Rula, mtu wa kunyoosha, hakuweza kuacha kosa. Akawa anarekebisha juu ya jana. Tatizo la pili lilikuwa rangi. Rangi ya kopo anayoijua yeye inapakwa jioni, asubuhi unaweza kuilalia. Rangi hizi za tyubu zilikuwa na mafuta ya ukaidi, na hewa ya msimu ule ilikuwa na unyevu. Kila asubuhi aligusa pembe ya turubai kwa kidole kidogo, na kila asubuhi kidole kilitoka na rangi.

Mkewe alitolewa kila jioni, amechanwa nywele, amefungwa mtandio wake wa njano.

"Zamu yangu bado?" alikuwa akiuliza.

"Bado kidogo."

"Hata foleni ya hospitali inasogea, Rula."

"Mwenda pole hajikwai."

"Hajikwai, sawa. Ila akifika anakuta wenyeji wameshahama."

Wote watatu walicheka, maana bado alikuwa na uwezo wa kuchekesha. Lakini binti, aliyekuwa akimgeuza mama yake kitandani na kujua uzito wake unavyopungua, alimfuata baba yake jikoni.

"Baba, mchore tu. Hata vibaya."

"Rangi ya nyuma ni mbichi. Nikimweka sasa atachafuka, atachanganyika na moshi."

"Si achanganyike."

"Mwanangu, mama yako simchori kama naandika bei ya mkaa. Ubao ukauke..." Akakatisha mwenyewe. Binti alikuwa ameshafika mlangoni.

Ikaja jioni ambayo mwanga wake haukuwa na mfano. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikaosha hewa, na jua liliposhuka chini ya wingu lilimwagia kila kitu mwanga kwa mara moja, bonde, tanuri, veranda, mpaka masufuria yaliyoanikwa. Mkewe siku hiyo alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, jambo ambalo waliouguza wanalijua na kuliogopa, ila Rula hakuwa miongoni mwao. Aliomba kiti kisogezwe. Akajinyoosha, akauelekeza uso kwenye jua.

"Baba, nikae hivi, au hivi?"

Moshi wa tanuri ulikuwa umeingia rangi ambayo Rula hakuwahi kuiona, si waridi wala si dhahabu, na ilikuwa inaondoka wakati anaitafuta kwenye kibao. Alikuwa na brashi mbili mkononi na moja mdomoni. Hakugeuka.

"Kaa unavyotaka, mama. Leo sijafika kwako."

"Haya," alisema mkewe.

Rangi ya moshi aliipata. Mpaka leo ipo pale, na kila anayeona anaisifu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya adhuhuri, binti alikuwa anampaka mama yake mafuta miguuni, akihadithia mambo ya mteja mmoja wa saluni aliyetaka asukwe kama mtu wa kwenye gazeti. Alipofika kwenye sehemu ya kuchekesha hakusikia kicheko. Alimwita. Alimwita tena. Kisha akamwita baba yake, na Rula alikuja mbio kutoka verandani, kidole chake kidogo kikiwa na doa la chungwa.

Watu wakaja, wakazika, wakakaa, wakaondoka. Ubao wa kaburi aliuandika mwenyewe, herufi zimenyooka kama kawaida yake. Waombolezaji walisema jinsi alivyo na moyo mgumu kuweza kuandika vile. Hawakujua kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyoweza kuifanya bila kufikiri.

Nyumba ilipobaki na watu wawili, binti alikwenda akasimama mbele ya turubai. Alikuwa hajalitazama vizuri tangu lianze. Alikuwa na mgonjwa wa kutazama. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, kama alivyomwona baba yake akifanya. Lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Jioni yote ya bonde lile ilikuwa mle, inapumua, na huzuni yake tamu ya saa ile ambayo mtu anajikuta amenyamaza bila sababu. Na upande wa kushoto palikuwa na pengo jeupe, lenye umbo la bega na kichwa, na alama za mkaa.

"Hapa ndipo angekaa," alisema.

"Ndiyo."

"Basi mweke, Baba. Imekauka sasa?"

Ilikuwa imekauka. Ilikuwa imekauka vizuri sana.

Alimweka. Alikaa na brashi siku nzima, akamchora kwa namna anayoijua, mstari kwanza, uso, shingo, mtandio wa njano. Aliporudi mlangoni akaona mwanamke wa kwenye bango la sabuni aliyebandikwa juu ya machweo ya watu wengine. Akamkwangua kwa kisu. Akajaribu kwa kutazama picha ya kitambulisho, akapata mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la ofisi. Akakwangua tena. Binti alileta kiti, akakaa karibu naye kumsaidia kukumbuka.

"Mkono wake aliuweka wapi? Magotini au kwenye kiti?"

"Magotini. Nadhani magotini."

"Jua lilimpiga shavu hili?"

"Jua lilikuwa linatoka huku, kwa hiyo lazima lilikuwa hili."

"Sikuulizi lazima, Baba. Nauliza ulionaje. Siku ile ya mvua alikuwa na rangi gani usoni?"

Rula angeweza kumwambia rangi ya moshi wa siku ile, na wa jana yake, na wa juzi yake. Angeweza kumwambia bwawa lilikuwaje na kilima kilibadilika mara ngapi kabla jua halijazama. Akatafuta uso wa mkewe katika jioni zote hizo, akakuta sauti yake tu, inatoka pembeni, inauliza kama zamu yake imefika. Hakuwa amemtazama. Hakumtazama hata jioni moja, kwa sababu zamu yake ilikuwa ya mwisho, na fundi hapotezi jicho kwenye herufi wakati ubao bado mbichi. Alikuwa amemtunzia nafasi nzuri kuliko zote, na akampa mgongo mpaka akaondoka.

"Sijui," alisema.

Binti aliinua kiti chake akakirudisha ndani.

Rula alilibeba turubai mpaka kwa Mwalimu. Sijui alitaka nini, labda kugombezwa. Mwalimu alivaa miwani, akatazama mbingu kwa muda, akatazama pengo kwa muda mrefu zaidi. Hakusema nilikwambia, na kwa mtu aliyefundisha maisha yake yote hilo lilikuwa tendo la huruma kubwa.

"Naweza kuweka nini hapa, Mwalimu?"

"Hakuna."

"Hata madoa machache tu, kama yako? Mtu ukiwa mbali aone kuna mtu?"

"Madoa yale si ujanja, baba. Ni vitu nilivyoviona. Wewe ukiyaweka hapo yatakuwa umeyaona wapi?" Kisha akamfungia turubai lake kwenye shuka, akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika kiwiko, kana kwamba Rula ndiye aliyekuwa mzee zaidi.

Siku ya mwisho ya binti ilifika. Wateja walikuwa wanapiga simu, na kodi ya pango la saluni haikujua msiba. Alifua, akaanika, akafunga begi, akagawa nguo za mama yake kwa waliostahili. Alipomaliza ilikuwa jioni. Alitoka verandani, akajitupa kwenye kiti kile bila kufikiri ni cha nani, akavua kandambili, akafunga macho. Alikuwa amechoka uchovu wa miezi. Jua lilikuwa juu kidogo ya dohani.

Rula alikuwa anapita na ndoo. Akasimama. Mwanga ulikuwa umemkamata binti yake upande mmoja wa uso. Kwenye paji palikuwa na chungwa, chini ya jicho kijani kidogo ambacho mtu hawezi kukitunga, na kwenye mkunjo wa mdomo zambarau. Mkunjo ule hakuwa anaujua. Haukuwepo alipokuwa msichana, na yeye hakuwepo ulipoingia. Nyuma yake bonde zima lilikuwa linawaka, moshi umesimama wima, bwawa limejaa dhahabu.

Aliweka ndoo chini. Akachukua kipande cha ubao kilichokuwa kimeegemea ukuta, chenye rangi ya msingi tu, na tyubu zilizobaki, na brashi iliyokuwa karibu. Hakuchora kwa mkaa. Pigo la kwanza lilikuwa la shavu.

Binti alifungua macho. "Unafanya nini?"

"Usiondoke."

"Nimekaa vibaya, Baba. Ngoja nifunge kitambaa."

"Hapana, kaa hivyo hivyo. Niangalie mimi."

Alimwangalia. Rula alichora bila kurudi nyuma hata mara moja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, zikichafuana zinavyotaka, na macho yake hayakumwacha mwanawe. Shavu, paji, mkunjo, kope zilizovimba kwa kulia ambazo hakuzinyoosha. Jua liliingia nyuma ya dohani likatoka upande wa pili. Likagusa kilima.

"Baba, jua linaisha," binti alisema kwa sauti ya chini. "Mbingu hujaigusa. Itaondoka."

"Acha iende."

Ikaenda. Ilikuwa jioni nzuri, pengine nzuri kuliko ile ya mvua. Rula hawezi kusema, hakuiona. Mwanga ulipopungua kiasi cha kutotofautisha buluu na kijani, akaweka brashi chini, akamgeuzia binti ubao. Uso ulikuwa katikati, wa madoa, unawaka, wa mtu aliyechoka ambaye kuna mtu amemtazama. Kuzunguka uso huo hakukuwa na kitu, rangi ya msingi tupu.

Binti aliushika ubao kwa kingo, asiharibu.

"Nimefanana naye?" aliuliza.

Rula alitazama. Alitaka sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa karibu, na lingewafaa wote wawili.

"Hapana," alisema. "Ni wewe." Kisha akakaa chini sakafuni karibu na miguu yake. "Mama nilimkosa, mwanangu. Alikuwa hapo kila siku ananiuliza akae vipi, na mimi nilikuwa naangalia moshi."

Binti aliweka ubao pembeni, mbali na nguo zao, ukiwa bado mbichi. Hakumwambia baba yake si kitu, maana kilikuwa kitu. Aliteremka kwenye kiti, akakaa naye sakafuni, na wote wawili wakalia.